Jiko Lililokwisha kwa Wakati

Machi 2

Kazi hii nataka kuikumbuka, ndiyo maana nimenunua daftari. Nimetengeneza majiko ya watu kwa miaka mingi, ya mawakili, ya wachungaji, ya wenye vyeo na ya waliokuwa na vyeo. La mtu wa damu yangu sijawahi. Hili ni la mdogo wangu Gladness.

Leo tulikwenda Mbweni kupima, mimi na fundi wangu Albano, na Gladness mwenyewe. Mchumba wake, Brightson, ndiye aliyetufungulia geti. Nyumba ni mpya, bado inanuka saruji, na upepo wa bahari unaingia mpaka jikoni. Brightson ameona picha za majiko ya kipwani kwenye simu yake na ameshaamua: makabati ya buluu ya maji ya kina, milango ya kimiani inayopitisha hewa, nakshi juu ya jiko la gesi kama zile za milango ya zamani, kaunta nyeupe. Nikamwambia kwa chumvi ya pale bawaba zote ziwe za chuma cha pua, la sivyo mwaka hauishi zitakuwa zinalia. Akasema, "Dada Herieth, wewe ndo mtaalamu, mie natoa macho tu." Nilimpenda papo hapo.

Sisi hatupimi chumba peke yake, tunampima na mpishi. Anasimama wima, anakunja mkono, tunapima toka sakafuni mpaka kwenye kiwiko, tunapunguza upana wa kiganja. Hapo ndipo kaunta inapokaa, na mgongo wake hautauma mpaka uzeeni. Gladness alicheka kwamba namtekenya. Nimemlea tangu mama alipofariki, yeye akiwa darasa la pili na mimi nimetoka tu kumaliza kidato cha nne. Nilifuta macho nikasingizia vumbi.

Mambo ya harusi yako tayari. Baba ameshapokea mahari kule Machame, matangazo yamesomwa kanisani, kamati imekaa. Kilichobaki ni Kwaresima ipite na jiko liishe. Sharti la jiko aliliweka Gladness mwenyewe mbele ya wazee: "Mdogo wake fundi jiko ataingiaje nyumba isiyo na jiko?" Sebule nzima ikacheka, na wazee wakakubali. Baba yake Brightson ni mzee wa kanisa, ukumbi wa usharika anaupata Jumamosi yoyote. Kwa hiyo harusi itakuwa Jumamosi nitakayoileta mimi.

Machi 4

Mteja mpya kaja karakanani Mabibo, mama mmoja wa Kipawa, amechoka kama aliyetoka mahakamani. Fundi wake amemwambia "njoo kesho" tangu mwaka jana. Mara umeme, mara mashine, mara kafiwa na mjomba. Alipouliza mjomba gani, akaambiwa yule yule wa mara ya kwanza.

Nilimwonyesha maandishi kwenye geti letu: AHADI NI DENI. Niliyaandika mwenyewe nilipoanza, wakati mafundi wote wa mtaa huu walinicheka kwamba mwanamke ataweza randa lakini hataweza tarehe. Sijawahi kumwambia mteja njoo kesho. Jina langu ni hilo tu.

Machi 5

Gladness kapita kunisalimia akitoka zamu. Anajitolea kwenye maabara ya zahanati moja huku akisubiri ajira ya serikali, huu mwaka wa nne tangu amalize chuo. Mwezi uliopita alikwenda Dodoma kwenye usaili. Brightson alimlipia nauli, akasema aende akatembee.

Machi 9

Simu ya Gladness asubuhi. Rangi haitaki. "Dada, hii buluu naiona kama sare ya shule." Rangi ilishachanganywa na milango minne imeshapakwa. Nikasema haya, mteja ni mfalme. Tutakwangua.

Machi 14

Sasa sinki. Dirishani hataki, anataka lije upande wa stoo. Maana yake mabomba yapasuliwe upya. Albano ni Mmakonde wa Newala, alianza kwa kuchonga vinyago kabla hajaja kwenye makabati, na mdomo wake haujui kupumzika. Akasema, "Mchagua jembe si mkulima. Huyu bibi harusi hata chai atakuwa anaagiza." Tulicheka sana. Lakini sinki tumelihamisha.

Machi 17

Masika yameingia kwa miguu yote miwili. Maji yamepita chini ya mlango wa karakana, tumeinua mbao juu ya matofali. Hewa ikiwa na maji vanishi haikauki, inaota weupe kama utando wa maziwa, unakwangua unaanza upya. Gladness ananitumia ujumbe kila asubuhi: "Kwenu kunanyesha?" Najibu kunanyesha. Anajibu: "Mungu mwema."

Machi 18

Kunanyesha.

Machi 20

Kaunta. Anasema iko chini. Nikamwambia nilikupima mwenyewe. Akasema nilimpima akiwa peku na yeye nyumbani kwake atapika na viatu. Nani anapika ugali na viatu virefu? Nilimpima tena, amevaa viatu, uso mkavu kabisa. Miguu yote ya makabati tunaiongeza.

Nimeanza kumwona mdogo wangu kama wateja wale ninaowasema. Nilidhani nimemlea vizuri kuliko hivi.

Machi 27

Brightson kaja karakanani na soda za mafundi wote. Mtu mwema. Hakulalamika kuchelewa, alipapasa mbao, akamuuliza Albano hali za watoto wake. Nikamuuliza Gladness, aliyekuwa naye, kama sasa sinki limekaa anavyotaka. Brightson akajibu, "Limekaa, amelipenda." Nikauliza na mishikio ya droo, ya shaba au ya mbao? Akajibu, "Shaba, yeye anapenda shaba." Hata mimi nilikuwa naandika shaba kabla sijamtazama Gladness.

Aprili 3

Ijumaa Kuu. Mvua toka alfajiri. Ibada ndefu, viatu vimelowa.

Aprili 6

Jumatatu ya Pasaka tulikula kwa wazazi wa Brightson. Chakula kikielekea mwisho Brightson akaniuliza kwa adabu, mbele ya watu wote, "Dada, sasa utuambie. Lini?" Nikasema tarehe kumi na tano jiko linasimama. Makofi. Nikamwona Gladness akikusanya sahani za watu ambao bado walikuwa wanakula.

Aprili 8

Leo nimemfokea. Albano amemaliza nakshi ya juu ya jiko la gesi, maua na mizabibu inayopandana, kazi safi ambayo ningeipeleka maonyesho. Gladness akaitazama, akasema anataka samaki.

"Samaki gani, mwanangu?" Albano akauliza. "Changu? Kibua? Maana tukichonga papa wageni watakataa kula."

"Wowote. Wengi. Wadogo wadogo."

Nikamwambia mimi si mchezo wake, mafundi hawa wana familia, na kama hajui anachotaka amwache Brightson aamue maana yeye walau anajua. Alinitazama kama nimempiga kofi. Akasema, "Yeye ndo anajua, kweli." Akaondoka bila mwavuli. Samaki hatuchongi.

Aprili 11

Jumamosi. Nitaandika yote.

Gladness kaja mchana. Mafundi walikuwa wamekwenda kula, mvua inapiga bati kiasi kwamba ilibidi tusogeleane ndiyo tusikilizane. Nilidhani kaja kuomba radhi kwa yale ya samaki, nikamwekea kiti. Hakukaa.

"Dada, hiyo tarehe kumi na tano isogeze."

"Unataka nini tena? Sakafu?"

"Sitaki kitu. Jiko ni zuri. Lilikuwa zuri toka ile buluu ya kwanza."

Akatoa simu, akanionyesha. Majina ya ajira yametoka. Amepangiwa kituo cha afya huko Nachingwea, maabara. Kuripoti ni kuanzia tarehe ishirini mpaka thelathini ya mwezi huu, na asiyeripoti nafasi yake anapewa mwingine.

Nilimkumbatia. Miaka minne! Halafu nikaona yeye hanikumbatii.

"Brightson anajua?"

"Nimemwambia siku ile ile majina yalipotoka. Wala hajakasirika, ndo shida yenyewe. Kacheka, kanibusu hapa kwenye paji, kasema mke wake hawezi kukaa Nachingwea anapima watu malaria. Kasema atanifungulia duka la vipodozi Tegeta. Dada, mie nimesoma miaka yote ile nikauze losheni?"

"Na baba?"

"Baba kasema nimsikilize mume. Hata mume hajawa."

Akanieleza mpango wake, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyoona wiki sita zote zikijipanga upya kichwani. Rangi, sinki, viatu, samaki. Alipotoka Dodoma alijua amefanya vizuri, akawa anavuta siku mpaka majina yatoke. Sasa yametoka, na anahitaji wiki mbili tu.

"Tarehe ya harusi ikishatajwa mie si wangu tena," alisema. "Shangazi anashuka kutoka Machame analala na mimi chumba kimoja. Kicheni pati, sendofu, kupakwa singo, vikao. Nitachomokea wapi? Lakini jiko likichelewa mpaka Mei, hakuna atakayeniangalia. Napanda basi, naripoti, nasaini. Kazi ambayo hujaianza, kuikataa ni rahisi. Ukishaianza, hata baba ataona haya kuniambia niache kazi ya serikali. Na harusi itakuwepo tu, Juni, Julai. Mie simkatai Brightson. Nataka niingie kwake nikiwa na changu."

"Sasa mimi unataka nifanye nini?"

"Uwe fundi."

"Mimi si fundi?"

"Fundi kama wenzio! Sema umeme umekatika. Sema mbao zimepinda. Sema Albano kafiwa. Dar nzima nani atashangaa? Mara moja tu, dada. Waambie waje kesho."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Kicheko kilinitoka tu, kwa jinsi alivyolisema. Yeye hakucheka. Nikamwambia mume mwema haokotwi, kwamba mvumilivu hula mbivu, kwamba kazi zipo nyingi. Maneno ambayo shangazi angeyasema, nikayasema mimi. Mwisho nikasema, "Nitaona."

"Nitaona ndiyo au nitaona hapana?"

"Nitaona, Gladness."

Alikubali kama mtoto anayeambiwa baba atarudi na pipi. Akaniaga vizuri. Mvua ilikuwa bado inanyesha, na kwa mara ya kwanza msimu huu niliiombea iendelee.

Aprili 12

Jumapili. Baada ya ibada Brightson alinifuata uani na jirani yake wa Mbweni, mzee Deogratias, mstaafu. Anajenga nyumba yake na ya bintiye pembeni, anataka majiko mawili ya kipwani kama hili. Alinihoji kama hakimu. Mafundi wamemtesa.

Brightson akamwambia, "Mzee, huyu dada akisema tarehe, ni tarehe. Hajui uongo."

Nilitembea mpaka nyumbani huku sentensi hiyo inanipendeza. Naandika ukweli. Mdogo wangu ananililia, na mimi nafurahia kusifiwa.

Nimejaribu kuandaa uongo. Mbao zimepinda. Nikajiona namwambia Brightson, nikaona uso wake, na mzee Deogratias nyuma yake akitikisa kichwa: wote ni wale wale. Nikajiambia Mungu ataamua kwa mvua. Ikiendelea kunyesha mpaka Jumatano, vanishi haitakauka na sitakuwa nimemdanganya mtu.

Aprili 13

Jua.

Jua la kukausha mpaka mafundo ya mti. Albano, ambaye hajui lolote, alikuwa anaimba. "Dada, jua hili tumepewa. Tukililaza halirudi." Milango yote ilikuwa imepangwa uani, na mafundi wananisubiri na brashi mikononi. Ningeweza kuwaambia waende nyumbani. Ningeweza kusema kichwa kinaniuma.

Nikasema pakeni.

Aprili 14

Jua tena. Baba alipiga simu kutoka Machame.

"Herieth, jiko limefika wapi?"

Hapo palikuwa na nafasi, pana kabisa. Baba ana miaka themanini, hajui vanishi wala bawaba, ningemwambia lolote angelipokea. Na ningeweza pia kumwambia kweli yote, baba, mtoto wako anataka kazi yake, mpe wiki mbili. Mimi ndiye aliyebaki kuwa mama yake. Hakuna mwingine ambaye baba angemsikiliza kwa jambo hilo.

"Kesho linaisha, baba," nikasema.

"Hujawahi kuniangusha wewe," akasema, na akaanza kunieleza habari za ng'ombe.

Gladness ametuma ujumbe mara mbili leo. Kuna jua hapo? Sijajibu.

Aprili 15

Jiko limesimama.

Sijawahi kufanya kazi kama ile. Kaunta nyeupe, buluu iliyopoa, kimiani kinapitisha mwanga wa mchana unadondoka sakafuni vipande vipande. Albano alilamba kidole akafuta alama moja ya vumbi kwenye nakshi, akasema hata yeye angeolewa.

Gladness alifika alasiri. Aliingia polepole, akaanza kufungua droo, moja baada ya nyingine, toka ya kwanza mlangoni mpaka ya mwisho stoo. Nikajua anatafuta nini. Alikuwa anatafuta hata moja iliyokwama. Zote zilikwenda na kurudi kimya, maana nilizipaka nta mwenyewe asubuhi.

Brightson alikuwa ameshaongea na baba yake kuhusu ukumbi. Tarehe ishirini na tano. Alimshika Gladness bega, akamuuliza, "Umefurahi?" Kisha akatugeukia sisi. "Amefurahi mpaka kakosa la kusema."

Gladness akaniambia, "Asante, dada. Umewahi."

Hakulisema kwa hasira. Ningepata nafuu kama angelisema kwa hasira.

Aprili 18

Kicheni pati. Shangazi amekuja, haachani na Gladness hata akienda msalani. Wanawake walicheza na masufuria kichwani. Mshereheshaji akanisimamisha, akasema wengine wanaleta vikombe, dada mtu kaleta jiko zima, nikapigiwa vigelegele. Bibi harusi alikuwa amefunikwa kitenge mpaka usoni, kama desturi inavyotaka. Sikumwona.

Aprili 22

Sendofu ni kesho. Nimelipia maua.

Aprili 25

Ameolewa. Mvua ilinyesha wakati wa picha. Watu wakasema ni baraka.

Aprili 30

Leo tarehe thelathini. Nilikuwa kazini siku nzima, na kila nilipoitazama saa ya ukutani nilihesabu kama ofisi huko bado ziko wazi. Saa tisa na nusu nikaacha kutazama.

Mei 4

Mzee Deogratias amekuja na ramani za majiko yake mawili. Nimezipokea. Nimempa tarehe.

Mei 7

Kunanyesha, na hakuna anayeniuliza.

Nimekuwa nikijiambia nilifanya kwa ajili ya jina la karakana. Ni kweli, lakini si yote. Mimi nina miaka arobaini na tatu na napikia jiko la gesi la plati mbili kwenye chumba cha nyuma ya karakana. Hakuna mtu aliyewahi kupima kiwiko changu. Nilikuwa namjengea Gladness jiko ambalo mimi ningelitaka, na mume ambaye mimi ningemkubali, na aliposema yeye hataki hivyo, sikusikia. Nilisikia mtoto anayekataa chakula nilichokesha nikikipika. Nikamlisha kwa nguvu.

Alinijia mara ngapi? Kwa rangi, kwa sinki, kwa kaunta, kwa samaki. Kila mara alikuwa ananiomba mimi, dada yake, na kila mara nikamtuma seremala amjibu.

Brightson nilimwita mtu mwema na bado ni mtu mwema. Hajawahi kumpandishia mtu sauti. Ila sasa nikikumbuka, sijawahi kumsikia akimuuliza Gladness kitu akasubiri jibu. Mimi pia sikusubiri. Tulifanana sana, ndiyo maana tulipendana haraka.

Mei 11

Nimempigia Gladness. Anasema wazima wote. Anasema niende Jumapili.

Mei 17

Nimetoka Mbweni sasa hivi.

Brightson alikuwa amekwenda kumsalimia mama yake. Gladness alinipokea vizuri, akanikalisha kwenye kigoda kirefu cha kaunta kama mgeni. Zamani angenitupia kitambaa aseme dada nikaushie vyombo. Jiko linang'aa. Nikamwambia kama kuna chochote anachotaka kibadilishwe, chochote, hata leo naweza kumleta Albano, bure.

"Hapana, dada. Liko sawa."

"Hata rangi?"

"Liko sawa tu."

Akamimina chai. Tukazungumza habari za baba na goti lake. Nikawa nasifia mwanga. Kisha, bila mimi kuuliza, akasema, "Ile nafasi wamempa mtu."

"Umejuaje?"

"Kanipigia. Anaitwa Sekela, wa Mbeya. Mie nilikuwa nimeshaongea na mama mmoja kule, aniwekee chumba. Sasa Sekela kaenda kuulizia chumba kwa mama huyo huyo, mama kamwambia kuna binti wa Dar kakishikilia, mpigie umuulize kama bado anakuja. Ndo kanipigia."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia achukue."

Nilitaka kusema nisamehe. Lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini namjua Gladness, angesamehe hapo hapo, angeniongezea na chai, na mimi ningerudi Mabibo moyo mwepesi nikimwacha yeye humo ndani. Sikuona kama nina haki ya kuondoka mwepesi. Badala yake nikauliza kitu cha kijinga, kitu ninachomuuliza kila mteja siku ya kwanza.

"Jiko la huko lilikuwaje?"

Gladness akaweka kikombe chini, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sijaiona tangu mwezi wa tatu.

"Jiko hakuna, dada! Kila mpangaji na jiko lake la mkaa, mnapikia barazani, wapangaji wanne. Asubuhi moshi wote unaelekea kwenye mikorosho, hausumbui. Maji unateka kwa jirani kabla ya saa moja, ukichelewa unakuta foleni. Mvua ikinyesha unaliburuza jiko mlangoni, unapika umekaa kitandani. Na kituo chenyewe kiko karibu, unatoka saa moja na robo, saa moja na nusu umefika. Nimemwambia Sekela asinunue mkaa stendi, wanapunja, aende kwa yule mzee wa nyuma ya msikiti."

Aliongea hivyo mpaka chai ikapoa, mikono inaonyesha baraza lilipo, mikorosho ilipo, njia inapokatia. Kisha gari la Brightson likapiga honi getini, Gladness akasimama, akawasha jiko la gesi.

Nachingwea hajawahi kufika hata siku moja.